Jiwe Lisilotiwa Simenti

Watu wakilisifu jengo la shule yangu mimi hukasirika, na sioni haya kulisema hilo. Siku hizi wanapigia picha pale kwenye tao la mlango mkuu na kusema wazungu walijua kujenga. Sawa, walijua. Ila walikuwa wanaijengea nchi nyingine.

Shule iko kilimani, upande wa Homa Bay, ziwa likiwa chini yake. Wamisionari walikuja na ramani mkononi, ramani ya shule ya bweni ya kwao, ya enzi za yule malkia ambaye hata ziwa letu walilibandika jina lake. Hawakubadilisha mstari hata mmoja. Kuta zilikuwa za mawe, nene kama urefu wa mkono. Paa lilikuwa na mteremko mkali, na mwalimu wa jiografia alituambia ni wa kuangushia theluji. Theluji, Homa Bay! Ndani ya bweni letu mlikuwa na meko mawili ya kuotea moto ambayo hayakuwahi kuona kuni, na dohani zake ziligeuka makao ya popo mpaka shule ikazijaza zege. Madirisha yalikuwa sita, membamba, yamewekwa juu kuliko kichwa cha mtu mzima ili msichana asitazame nje akasahau vitabu. Yote yalikuwa upande mmoja, maana ukuta wa pili ulipakana na kanisa. Mlango ulikuwa mmoja tu, na komeo lake lilikuwa nje.

Mimi nilitoka Migori, binti wa fundi wa mawe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nililala kitanda cha juu, na chini yangu alilala msichana wa Muhuru Bay ambaye mama yake alikuwa mwanika omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa na pumu. Alikuwa na mdomo pia. Alinitania kwamba sisi watu wa Migori mjini samaki tunamjua kwa picha. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa, njaa ya bweni haina adabu. Chini ya madirisha ilipita njia ya akina mama wa sokoni, nasi tukagundua kwamba ukisimama juu ya kitanda cha juu unaweza kushusha leso yenye sarafu iliyofungwa fundo, kisha ukavuta omena za kukaangwa, au nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mvutaji mkuu nilikuwa mimi. Siku moja nikavuta leso ikakataa kuja, nikavuta tena, kumbe aliyeishika huko chini ni mwalimu mkuu.

Baba aliitwa. Alisimama ofisini kofia mkononi, akaambiwa kwamba binti yake amebakiza kosa moja tu afukuzwe. Mwalimu mkuu akamuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia, akasema vizuri, basi ataziba kwa mikono yake mwenyewe yale madirisha manne ambayo binti yake ameyageuza duka. Mawili ya karibu na mlango yatabaki. Baba hakubishana. Yeye aliachia masomo darasa la nne, na kuniona mimi nimevaa ile sweta ya shule ilikuwa furaha yake kubwa duniani.

Alifanya kazi siku mbili, nami nikimletea maji. Niliona aibu, na hasira pia, kumwona anaziba madirisha kwa ajili ya ulafi wangu. Mafundi waliomfundisha kazi kule Uriri walikuwa na mwiko wao: ukiziba tundu la nyumba ambayo hukuijenga wewe, acha jiwe moja bila simenti. Aliyeweka tundu alikuwa na sababu yake, walisema, na huwezi kujua nyumba italihitaji lini. Baba aliufuata mwiko huo popote, hata alipoziba dirisha la choo. Siku ya pili jioni aliniita kando akasema kwa sauti ya chini:

"Nyathina, mwanangu, juu ya kitanda chako, jiwe la tatu kutoka kushoto, nimelishika kwa udongo tu. Ukilisukuma kwa kiganja linaangukia nje. Hewa ikikosekana, lisukume. Lakini usimwambie mtu, watasema nimewadanganya."

Nilimwahidi. Akafunga vifaa vyake kwenye gunia, akaenda zake.

Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunafungiwa bwenini tupumzike. Matroni alitia komeo, akaenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Jumapili moja ya kiangazi, mzee wa kazi alichoma takataka na majani makavu shimoni, karibu na mlango wetu. Upepo wa ziwa ukauleta moshi wote ndani kupitia yale madirisha mawili. Kiranja akaamuru yafungwe. Yakafungwa, moshi ukabaki nasi ndani.

Rafiki yangu aliketi kitandani, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Vidonge vyake vilikuwa kwa matroni. Wasichana waligonga mlango kwa viatu, wakaita, lakini kanisani walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa juu ya kitanda changu, jiwe liko mgongoni mwangu. Nililihisi kupitia sweta. Nikamtazama kiranja, nikawaza: nikilisukuma, ataniona, atasema, nitafukuzwa, na baba ataitwa tapeli. Nikajiambia matroni yuko njiani. Rafiki yangu aliinua uso akanitazama, akasema neno moja, "Hewa." Nikamwambia avumilie kidogo.

Matroni alikuja wimbo ulipokwisha. Walimbeba kwa blanketi hadi hospitali. Alikufa Jumatatu asubuhi.

Wiki mbili baadaye shule iliamua madirisha yafunguliwe, na baba akaitwa tena. Alipanda ngazi upande wa nje na patasi yake, mimi nikiwa chini na ndoo ya maji. Alianza na dirisha la kitanda changu. Akalitoa lile jiwe la tatu, akaligeuza, akalitazama kwa muda mrefu. Udongo ulikuwa mzima pande zote, na alama ya kidole gumba chake ilikuwa pale pale alipoikandamiza.

"Hukulisukuma," alisema.

"Niliogopa kufukuzwa, baba."

Hakunigombeza. Afadhali angenichapa. Alishuka, akaliweka jiwe chini taratibu, akanawa mikono kwenye ndoo yangu ingawa kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

Tukiwa bado tumesimama hapo, mama mmoja alitokea kwenye ile njia ya sokoni, amejifunga leso kiunoni. Alikuwa amekuja kutoka Muhuru Bay kuchukua sanduku la nguo za marehemu mwanawe. Aliuliza ni nani kati ya wasichana aliyelala kitanda cha juu ya binti yake. Nikasema ni mimi. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia mwanawe alikuwa ananitaja katika kila barua, akanishukuru kwa kukaa naye mpaka dakika ya mwisho. Kisha akatoa mfuko wa omena, akasema alikuwa amewaandalia watoto wawili, sasa nile zote mimi.

Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama jiwe.

Nilizipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa nyumbani. Na siku ile ile, kwa sababu nilikuwa na njaa, nilizila.