Mstari wa Clem

Mtakwimu wa utafiti unaotufuatilia sisi wazee wa mji wa Launceston, kuona nani bado anatembea vizuri, hajui kunywa chai. Huchovya biskuti, akaisahau, ikamong'onyokea kikombeni, akainywa hivyo hivyo. Akianza kueleza, kidole chake kilicholowa chai huchora juu ya kitambaa changu cha meza, kila mzee na mstari wake, mrefu kadiri ya muda aliotembea.

"Leo utakifua mwenyewe!" mimi humfokea.

Yeye hucheka kwa kile kisauti chake chembamba, kisha huchora mstari mwingine. Juzi alikuja na daktari anayeongoza utafiti, naye akapendekeza waliofariki waondolewe kwenye hesabu, eti matokeo yatapendeza. Mtakwimu akatua kikombe.

"Hapana, daktari. Tukibakiza wazima tu, tutawadanganya watu kwamba uzee ni mchezo."

"Na Clem wangu?" nikauliza. Mume wangu alifariki Juni.

Kidole kikachora polepole, kikakomea ukingoni mwa sahani yangu. "Yumo, mama. Muda wote aliotembea, tunauhesabu."

Nikamsogezea biskuti zote. Kitambaa kile bado sijakifua.