Nyama ya Muundi kwa Mwalimu Ayuma

Siku yangu ya kwanza katika jiko la hospitali moja ya misheni hapa Kakamega, mapema miaka ya tisini, Mpishi Mkuu alinitazama mikono kabla ya uso.

"Umetoka hotelini?"

"Ndiyo, mzee."

"Huko ulipikia wenye njaa. Hapa utapikia wasiotaka hata harufu ya chakula. Tutaona kama wewe ni mpishi."

Miaka ile wodi zilijaa vijana waliokonda, na ugonjwa wao haukutajwa kwa jina. Kazi yangu ikawa nyama ya muundi, ile ya mguu wa ng'ombe yenye mishipa mingi. Niliikaanga mpaka ikashika wekundu, nikaongeza maji kidogo, nikaifunika kwa majani ya mgomba na kuiacha juu ya makaa mafifu asubuhi nzima. Mishipa iliyeyuka, mchuzi ukawa mzito, na asiye na nguvu za kutafuna akaweza kula.

Mwalimu Ayuma hakula. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha linalotazama jiko, mama yake kando. Kila sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Matroni akaniita.

"Dawa zinamchoma tumbo tupu. Asipokula, tutazisimamisha. Kaongee naye."

Nikaenda, kofia mkononi.

"Mwalimu, nyama ina kasoro gani?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Baba, kwetu nyama ya sufuria kubwa, imefunikwa majani, inapikwanga kwa matanga. Kila asubuhi nanusa hiyo harufu, najiuliza: wameanza yangu na bado niko?"

"Ayuma!" mama yake akamkemea.

"Si ameuliza, Mama?"

Nilirudi jikoni. Nilikulia kwenye matanga hayo hayo na sikuwahi kufikiria. Mpishi Mkuu aliposikia, alikuna kichwa, akanipa chungu chake kidogo cha mboga. Nikapika vipande vichache tu, nikafunika kwa sahani ya bati, kama mtu anayepikia watu wa nyumba yake.

Mvua ya alasiri ilikuwa ikipiga mabati nilipomfikishia.

"Hii ni ya nani?"

"Yako na mama."

Walikula kutoka bakuli moja. Ayuma aliufuta mchuzi kwa tonge la ugali mpaka bakuli likang'aa. "Umezembea, Mama," akasema. "Nimekushinda."

Nimestaafu sasa. Vijana wanaojifunza upishi huja kuniuliza habari za moto na nyama ngumu, nami huwaeleza, pamoja na kisa hiki. Kisha mmoja wao huuliza kama yule mwalimu alipona.

Alifariki Ijumaa ya juma lile. Alhamisi alilala ameshiba.