Maikrowevu Haivai Nguo

Majirani walimwita Mama Vitambaa, naye hakuona ubaya, maana jina lile alilitolea jasho. Nyumbani kwake kila kitu kilivaa. Redio ilivaa, friji ilivaa, hata mtungi wa gesi ulikuwa na sketi. Kuacha kitu bila kitambaa cha kufuma ilikuwa sawa na kumwacha mgeni mlangoni.

Binti yake, kitinda mimba, alipomletea maikrowevu, apashe chakula bila kuhangaika na jiko, mama akaifumia kitambaa cheupe cha maua, kirefu mbele na nyuma. Mbele alikikunja afungue mlango. Nyuma hakukigusa.

Mchana mmoja mashine ikanguruma, ikatoa harufu ya uzi ulioungua, ikajizima. Bahati mbaya, binti alikuwa papo hapo mezani.

"Mama! Umeweka kijiko ndani?"

"Mimi mtoto? Bakuli la kioo, kama ulivyonifundisha, na kifuniko nimekilegeza."

"Basi unafungasha leo leo, unahamia kwangu. Nyumba ikiwaka nitamwambia nini kaka?"

"Nikabanane na paka wako? Thubutu!"

Nyumba hii aliijenga na marehemu mumewe, na hakuwa tayari kuomba chumvi jikoni kwa mtu, hata awe mwanawe.

Binti akachomoa plagi, akapeleka mkono nyuma, akaurudisha mbio.

"Yalaa! Pa moto! Mama, mashine inapumulia huku nyuma. Umeiziba pua!"

Mama akachungulia. Kweli, palikuwa na matundu madogo madogo, na maua ya kitambaa yamegeuka kahawia. Kisha akacheka hadi akashika ukuta.

"Masikini! Nimemvisha blanketi mtu anayekimbia!"

Fundi akaitwa, akaikagua, akasema nzima, ila isogezwe mbali na ukuta na isifunikwe.

Binti aliporudi kumwona mama, maikrowevu ilikuwa uchi, imekaa kwa nafasi. Kitambaa kilikuwa kimefumuliwa, uzi wake usioungua umekuwa glavu mbili nene.

"Vaa," mama akamwamuru. "Bakuli likitoka humo lina moto kuliko mdomo wako. Na kifuniko kifungulie upande wa pili, mvuke usikupige usoni."

Binti akavaa, akatii. Habari ya kufungasha haikutajwa tena. Ila jicho lake likaenda kwenye friji.

"Na hii je, haipumui?"

"Usianze!"

Lakini binti alipokwenda kunawa, mama alisogea polepole, akaikunjia juu friji nguo yake ya nyuma, ipate kupumua.