Jiwe la Obadia

Kwa miaka thelathini Lorinda Tuttle, mkutubi mstaafu wa Massachusetts, alimsaka Obadia, babu wa kwanza wa ukoo wao kuzaliwa Marekani. Leo amelipata kaburi lake, limejificha chini ya kuvu katika makaburi yale yale ya ukoo wao. Alipokwisha kulisugua jiwe lake, maandishi yakatokea: Obadia alifariki akiwa na miaka mitatu.

Mdogo wake Lorinda, Wendell, akaangua kicheko. "Miaka mitatu, na keshatuzaa sisi wote! Huyu alioa mapema, dada."

Lorinda hakucheka; alimnyooshea kidole upande wa pili. Hatua chache kutoka pale lilisimama jiwe la kaburi lake mwenyewe, alilolichongesha mapema: "Lorinda, wa uzao wa Obadia." Ilibaki tarehe ya kufa tu.

Kicheko kikamkauka Wendell. "Twende nyumbani, dada."

"Niende nikawe nani?"