Malkia wa Saa Kumi

Kila alasiri saa kumi, Metrine alimsogezea Bibi Saleha kiti karibu na runinga, naye akaketi chini na kikapu cha nguo za kukunja. Bibi huyo, mama yake bosi, alihamia Jeddah kutoka Unguja akiwa msichana. Sasa macho yamemchoka. Metrine, mzaliwa wa Kakamega, macho anayo, ila Kiarabu chake ni cha jikoni: yalla, halas, mafi. Basi mmoja anaeleza picha, mwingine anatafsiri maneno. Kule Riyadh, kazi yake ya kwanza, Metrine alikaa miezi minane bila kusema Kiswahili na mtu ila kwa simu.

Tamthilia, iliyotiwa sauti za Kiarabu, ilikuwa ile hadithi ya kale ya Wahindi, ya malkia aliyetekwa akapelekwa kisiwani. Safari hii malkia mwenyewe ndiye anayesimulia, jambo lililomkera Bibi, aliyekulia kwenye sinema za Unguja ambako mume ndiye shujaa. Metrine alimpenda malkia huyo kupita kiasi.

Siku malkia alipookolewa, Metrine alikuwa na lake moyoni. Mkataba ulibakiza wiki mbili, begi limeanza kujaa, na asubuhi mumewe Naftali alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti: "Ukitua Nairobi upite hospitali kwanza, upimwe, ndio uje home. Watu wanaongea." Watu! Naftali huwa na watu wengi anapoogopa kusema lake.

"Hebu nambie, wafanya nini?" Bibi akauliza.

"Bibi, wamewasha moto mkubwa. Bwana yake anamwonyesha aingie, ndio wajue kama ni msafi."

"Na yeye?"

"Amesimama tu. Anaongea. Anasema nini?"

Bibi akatega sikio. "Amwambia mumewe: muda wote huo na wewe ulikuwa peke yako. Mbona moto uwe wangu tu?" Akasonya. "Hilo kwenye hadithi ya zamani halimo."

Metrine aliacha nguo, akaingia jikoni, akabonyeza simu kurekodi. "Nitapimwa, Naftali. Na wewe utapimwa, siku moja, hospitali moja." Kwa dakika chache alijisikia vizuri kweli.

Ujumbe ulisikilizwa papo hapo. Jibu lilikaa siku tatu ndipo likaja: "Basi kaa huko."

Alilia, tena kwa sauti. Kisha akaendelea kupanga nguo kwenye begi. Tiketi ilikuwa ya Nairobi. Kutoka hapo, hakujua apande gari la kwenda wapi.