Siku Kompyuta ya Nukta Nundu Ilipokuwa Bubu

Mama Bisibisi hutembea na kibodi yake mwenyewe, ameifunga kwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga, na kipande cha sabuni ndani ya kopo. Miaka ishirini na miwili ya kutengeneza kompyuta za watu imemfundisha kwamba binadamu hula juu ya kibodi, hupiga chafya juu yake, na wengine hukatia kucha papo hapo. Mumewe humtania kwamba ananawa mikono kama daktari wa upasuaji.

"Daktari ana nafuu," humjibu. "Mgonjwa wake huogeshwa kwanza."

Ijumaa moja, saa tatu asubuhi, aliitwa kwenye karakana inayochapa vitabu vya wasioona. Mashine yao hugonga nukta nundu, zile alama zilizotuna ambazo msomaji huzifuata kwa vidole. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na minne na ilielewana na mfumo mmoja tu wa kompyuta, ule wa zamani. Siku sita kabla, Mkuu wa karakana, ambaye macho yake ni mazima kabisa, alikuwa ameupandisha mfumo huo kuwa mpya. Tangu hapo mashine haikugonga hata nukta moja, na ile sauti iliyokuwa ikimsomea mchapaji maandishi ya skrini ilikuwa bubu.

Saa kumi jioni gari la shule lingekuja kuchukua mtihani wa Jumatatu. Watoto kumi na mmoja wasioona walikuwa wakiusubiri. Bila karatasi hizo wangekaa mwaka mzima nyumbani, wakingoja mtihani mwingine.

"Nani alibonyeza?" aliuliza Mama Bisibisi.

"Dada, mimi nilisikia tu mtu anasema 'ndiyo, ndiyo' huku anakunywa chai," alisema mchapaji, mzee mpole asiyeona tangu utotoni. "Sauti ilikuwa ya mkubwa wetu."

Mkuu hakuona haya. "Iliniuliza kama nataka kuboresha. Nani anakataa kuboreshwa? Na rangi zake, fundi, umeziona? Zinapendeza!"

"Zinampendeza nani? Anayeitumia haoni."

Aliiinua kibodi aliyoibonyeza Mkuu, kwa ncha za vidole viwili, akaipindua. Yakamwagika makombo, nywele, ganda la karanga na bawa la mende. Akasonya, akaisukuma pembeni kwa kiwiko na kufungua kitambaa chake.

Kwanza alinakili mtihani kwenye flashi. Kisha akatafuta njia ya kurudi nyuma. Mfumo mpya ulikuwa umeutunza ule wa zamani kwa siku kumi, mtu akijuta abofye mara moja na kurudi alikotoka. Siku nne zilikuwa bado. Lakini folda ulimotunzwa haikuwepo.

"Ile kubwa?" Mkuu alisema. "Niliifuta. Ilikuwa inajaza nafasi bure. Mimi napenda usafi."

Mama Bisibisi alitazama meza ya mpenda usafi: leso iliyokauka ikawa ngumu, mfupa wa kuku juu ya faili, kikombe chenye ukingo mweusi.

Ilibaki diski ya awali ya mfumo wa zamani. Mchapaji aliipapasa rafu yake mara mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. "Ilikuwa hapa, dada. Ndani ya jaladi la plastiki. Niliiwekea alama kwa mkono wangu."

Walipekua makabati mpaka saa tano. Mwishowe mzee akaanza kupita meza kwa meza, vidole vikitangulia. Kwenye meza ya Mkuu vilisimama. Akakisogeza kikombe.

"Nimeipata."

Kila siku Mkuu alikuwa akiweka kikombe chake cha chai juu ya jaladi lile. Juu yake kulikuwa na utepe wa nukta, umegandamana na sukari.

"Kwani imeandikwa nini?" aliuliza.

"'Mfumo wa mashine. Usiguse.'"

"Sasa ningejuaje? Naona vidoti tu."

"Miaka saba uko hapa, mkubwa," mchapaji alisema taratibu, "na asiyeona ni mimi."

Mama Bisibisi alilifungua jaladi. Chai ilikuwa imepenya kwenye ufa na kuchacha humo; sisimizi waliokufa walikuwa wamenata juu ya diski, na ukungu wa kijani umeota ukingoni. Harufu yake ilikuwa ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika. Alizuia pumzi, akaipeleka bombani, akaiosha kwa sabuni yake na maji ya uvuguvugu, akiifuta polepole kutoka katikati kwenda nje. Kipande cha sabuni alichobaki nacho akakitupa.

Mfumo ulikubali kuanza kuingia, kisha ukadai namba zake za siri. Zilikuwa ndani ya jaladi, kwenye kadi. Kama zingeandikwa kwa wino, chai ingekuwa imeshazila zote. Zilikuwa nukta. Mchapaji alipitisha kidole juu ya uchafu ule bila kukunja uso, akazitaja moja moja, na Mama Bisibisi akaziandika.

Saa nane kasoro, kompyuta ilisema "Karibu." Mzee aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeitwa na ndugu yake kutoka chumba cha pili. Muda si muda mashine ikaanza kugonga kwa kishindo, na yeye akawa anaupokea kila ukurasa na kuusoma kwa vidole alivyokwisha kuvinawa. Bahasha ya kumi na moja ilifungwa dereva wa shule akiwa tayari mlangoni.

Mama Bisibisi aliung'oa waya wa intaneti, kompyuta isije ikamwuliza mtu tena kama anataka kuboresha, akauzungusha mkononi na kumkabidhi mchapaji. Kisha akanawa mikono mara tatu, kwa maji matupu.

Aliporudi kuchukua kibodi yake, alimkuta Mkuu amesimama na chai mpya, akiikodolea macho meza.

"Fundi," alisema kwa unyonge, "sasa kikombe nitakiweka wapi?"