Nilipanda mahindi kama mchimba dhahabu: niliyoyaona shambani Bunia

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Sina cheti cha kilimo, na shule niliacha darasa la tano. Ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono yangu, chumvi sijatia.

Nimezunguka sana. Kule Kilo nimechimba dhahabu, kule Boga nimebeba mizigo. Sikuwahi kutulia mahali miezi minne, hadi nilipokutana na Mama Esta.

Huyu mama alikimbia kwao Fataki wakati wa vita, akiwa amebeba mbegu za mahindi ya mama yake, punje nyeupe zenye mistari ya zambarau. Ghala za kwao zilichomwa, kwa hiyo mbegu ile haipo tena kwingine. Sasa bunduki zimenyamaza kidogo (nasema kidogo, mnanielewa), akapewa kipande cha shamba pembeni mwa mji. Alitaka azalishe mbegu arudi nayo nyumbani. Mgongo unamsumbua, akaniomba nimpandie.

Hapo nikaharibu.

Kule Kilo kitu kizuri kiko chini. Nikachimba mashimo ya kufika kiwiko, nikatia mbegu, nikashindilia. Siku kumi, kimya.

Mama Esta akaja, akafukua. Chipukizi zilikuwa zimejikunja na kuoza zikitafuta njia ya kutokea.

"Weye mutoto, ulikuwa unapanda muhindi ao ulikuwa unazika watu?"

Wanawake wa shamba la jirani wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikasema nikanunue nyingine sokoni.

"Ya soko iko ya soko." Akafungua fundo la kitenge chake, ndani kulikuwa na konzi moja ya mbegu ile ile. "Siye tuliokimbia, hatuwekake vyote pahali pamoja. Lakini sasa haiko ingine."

Safari hii nilipanda kina cha nusu kidole. Akanipangia mraba, si mstari mrefu, ili mimea ipeane vumbi la maua.

Siku ya sita mahindi yakatoboa. Wakuu, nilipiga magoti kuangalia.

Nikapalilia mara mbili, nikakusanya udongo shinani, viwavi nikavitoa kwa mkono kila asubuhi. Rafiki akapiga simu kwamba Kilo kumepatikana shimo jipya. Nikamwambia siwezi, mahindi yanatoa maua.

"Ndugu, umeoa muhindi?"

Nikakata simu.

Mama Esta aliniambia kila unywele wa hindi unakwenda kwenye punje yake moja, na unywele usiopata vumbi, punje yake haizaliwi. Sikuamini. Akaniruhusu nifungue hindi moja changa, lile dhaifu kuliko yote. Nikafuata unywele mmoja mmoja hadi mwisho wake. Kweli kabisa! Mamia ya nyuzi, kila moja na punje yake.

Maganda yalipokauka, alingʼoa punje, akanionyesha kitako chake: cheusi. Ndivyo hindi linavyosema limekomaa. Akapukuchua yale bora, punje za katikati tu, na zile zenye mistari ya zambarau zikawa nyingi kuliko viganja vyetu vinne.

Akazitazama sana, kisha akaniuliza, "Gari ya Fataki inatokaka saa ngapi?"

Nilichojifunza: dhahabu unaikuta imeshatengenezwa. Hindi linatengenezwa ukiwa umesimama pale, nawe unaweza kuliua kwa shimo refu.

Wenye elimu humu, nisaidieni: unywele unaijuaje punje yake? Na nyie mliwahi kuua mbegu kwa ujuaji?